Jogoo Aliyepandishwa Mlimani Desemba

Nilipokuwa kijana nilipiga besi katika kwaya ya matarumbeta ya usharika wetu kule Machame. Besi ni lile tarumbeta kubwa ambalo unaliingia kama unavaa nguo. Sikupewa kwa sababu najua muziki. Mwalimu wa kwaya aliniangalia siku ya kwanza, akanipima kifua kwa macho, akasema, "Nota huzijui, lakini pumzi unayo. Shika hili." Shule niliishia darasa la nne, la tano nililisikia kwa majirani, kwa hiyo hakuwa amenitukana.

Sare yetu ilikuwa koti zito la sufu lenye vifungo mpaka kooni. Kwa ibada za asubuhi za mwezi wa saba, ukungu umelala kwenye migomba na vidole vimekufa ganzi, koti lile lilikuwa rafiki. Sasa mwaka mmoja tukaalikwa kupiga kwenye harusi kule tambarare, chini ya mji wa Moshi, mwezi wa pili. Mtu wa huku nikimwambia mwezi wa pili kule chini, sina haja ya kuongeza neno. Mwalimu akatuambia ni marufuku kufungua kifungo hata kimoja, tunawakilisha usharika. Tukapiga wimbo wa kwanza na wa pili. Kwenye wa tatu nikaona bibi harusi wamekuwa wawili, na wote wawili wanaegemea upande mmoja. Nikaanguka, na besi juu yangu. Niliambiwa baadaye kwamba wageni walipiga makofi, walidhani ndivyo wimbo unavyoisha.

Wenzangu walitaka kunimwagia ndoo ya maji. Mama mmoja wa Kipare, aliyekuwa anapika pilau ya harusi, akawafukuza. Akafungua vifungo vyangu vitatu vya juu, akachukua mfuniko wa sufuria akawa ananipepea shingoni. Shingoni tu, si usoni. "Iacheni shingo ipumue," akasema. "Nyie watu wa mlimani mtakuja kufa kwa makoti." Kabla mfuniko haujapoa nilikuwa namwona bibi harusi mmoja.

Baada ya hapo niliendelea na kwaya miaka mingi, na besi ile mpaka leo ipo, imebonyea pale ilipogonga kiwiko changu. Lakini sikukaa kuandika habari za matarumbeta. Nataka kuandika habari za kuku, na nimeanzia shingoni kwa sababu kuku wenyewe walianzia hapo.

Nyumbani tulizaliwa wanaume watatu. Kwa desturi yetu kihamba, yaani lile shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, anapewa mtoto wa kwanza. Nyumba ya wazazi inabaki kwa wa mwisho. Wa katikati anaombewa baraka. Mimi ndiye wa katikati. Nilipata baraka, na juu yake eka mbili za shamba la chini, ambalo ukoo ulikuwa unashuka kulima mahindi na maharage kisha unapanda kulala kwenye hewa baridi ya juu. Kulala kule ilionekana ni kukosa kwa kwenda. Nikajenga huko, nikaoa, nikalala huko. Sikulalamika, ila sitadanganya kwamba sikuumia. Kila kaka yangu alipokuwa anasema "kule kwako porini," nilikuwa nacheka na wenzangu halafu natembea njia nzima ya kushuka nikiongea peke yangu.

Watoto wetu walipoanza kukua, mke wangu alishuka na kuku sita kutoka kwao, kuku wa mlimani, wanene, manyoya yamejaa mpaka miguuni. Mwezi wa kwanza wakaacha kutaga. Wa pili wakawa wanashinda chini ya kitanda chetu, midomo wazi, mabawa wameyaachia kama watu waliovua mikono ya koti. Wa tatu tukawala wawili kabla hawajafa wenyewe. Wengine hawakutusubiri.

Jirani yetu wa pili, mama mtu mzima, alikuwa na kuku ambao sisi wa mlimani tunawaita wagonjwa. Kishingo. Kuku asiye na unyoya hata mmoja shingoni, ngozi nyekundu tupu kuanzia chini ya kichwa hadi kifuani. Kwetu kuku wa namna hiyo humpelekei mtu zawadi, atadhani unamtakia mabaya. Siku moja saa saba mchana, kabla wale sita hawajaisha, nimekaa kwenye kivuli cha mgunga, kuku wangu wamelala kama nguo zilizoanguka kwenye kamba, nikaona vile vishingo vya jirani viko katikati ya jua, vinachakura, vinagombana, jogoo anakimbiza matetea. Nikawatazama muda mrefu. Halafu mkono wangu wenyewe ukaenda kwenye kola ya shati.

Nikaenda kwa yule mama na mkungu wa ndizi. Akanipa matetea wawili wadogo wembamba. Akaniuliza, "Unakwenda kuwafanya nini, watu wa Machame si mnasema hawa ni ndege wa makaburini?"

Nikamwambia nakwenda kuwaoza.

Mume niliyewatafutia alikuwa jogoo mkubwa wa mlimani, nilimtoa kwa mdogo wangu. Nilimshusha wakati wa mvua za masika ili joto lisimwahi, nikamjengea kibanda cha makuti chenye upepo, nikawa namnywesha maji ya mtungini kama mgonjwa. Aliishi miezi minne. Lakini miezi minne kwa jogoo si haba. Vifaranga vilipotoka, karibu nusu walikuwa na shingo tupu na miguu minene ya baba yao. Mke wangu alikuja kuviona kwenye tenga, akasema, "Baba watoto, umetengeneza tai."

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na nikiisimulia yote tutafika Pasaka. Nitasema machache. Nilichukua nyuzi za kufumia za mke wangu, nikawafunga vifaranga miguuni, rangi moja kwa watoto wa mama mmoja. Nilinunua mzani wa kuning'iniza. Na nilikuwa na mtihani wangu, naufanya mpaka leo: saa saba mchana, kiangazi, namwaga mahindi kidogo juani. Kuku anayekuja kula, anaendelea na darasa. Anayebaki kivulini anahema, huyo ni wa chungu, hata kama ana uzito wa mbuzi. Kisha katika wale waliokula juani natafuta aliyekua upesi. Wengi wanapima uzito tu. Uzito uliopatikana kivulini hausaidii kitu huku kwetu.

Makosa nilifanya. Mwaka wa pili nilipata jogoo mzuri kuliko wote, na mtoto wetu akapata kipaimara mwezi huohuo. Unajua tulivyo. Mgeni akija, macho yanakwenda kwa jogoo mkubwa. Nilimchinja kwa mkono wangu, tukamla na ndizi, watu wakasifu mchuzi. Kesho yake asubuhi nikaenda bandani na mahindi, nikatazama waliobaki, wafupi, wenye kifua cha panzi, na hao ndio watakuwa baba wa vifaranga vyote vya mwaka ule. Nikakaa juu ya debe. Nikaanza kuhesabu majogoo wote wakubwa walioliwa katika ukoo wetu tangu nazaliwa.

Kila Desemba watoto wetu wanarudi mlimani kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, kila nyumba inajaa magari mpaka kwenye kahawa. Kila nyumba inachinja. Na anayechinjwa ni nani? Mkubwa kupita wote. Yule dhaifu aliyekuwa anakimbizwa na wenzake, Januari anaamka anajikuta yeye ndiye mume wa boma zima. Tumefanya hivyo baba kwa babu, halafu tunakaa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, tunaulizana kwa nini kuku wa siku hizi ni wadogo. Tunasema ni pumba, tunasema ni hali ya hewa. Ni sisi. Tulikuwa tunakula mbegu na kupanda makapi, na tulikuwa tunafanya hivyo kwa upendo.

Tangu siku ile jogoo wangu bora hamli mtu. Mgeni wangu, hata akiwa mchungaji, anakula wa pili.

Kosa lingine ni la kuwaozesha ndugu kwa ndugu muda mrefu, mpaka vidole vya vifaranga vikaanza kupinda. Hilo nililirekebisha kwa kubadilishana majogoo na watu wa mbali. Kosa la tatu ni baya, na nalisema kwa sababu ndilo lililonipeleka kwa kaka yangu. Ilikuwa mwaka wa saba au wa nane wa kazi hii. Nilikwenda mjini kuchukua chanjo ya kideri, ile ya tone la jicho. Chanjo ile inataka ubaridi. Nilipewa ndani ya chupa yenye barafu, barafu ikawa inavuja, nikaona itanilowesha, nikaitoa chanjo nikaitia mfuko wa shati. Njiani nikakutana na rafiki wa zamani wa kwaya, tukakaa kwenye mbege. Tuliongea habari za ile harusi, tukacheka sana. Niliporudi niliwatia kuku matone yaliyokuwa yameshapikwa na kifua changu. Kideri kilipokuja kilifagia. Nilizika kuku kwa toroli. Wakabaki matetea kumi na mmoja na jogoo mmoja.

Jogoo mmoja tu. Lakini jogoo gani. Mwekundu wa kutu, mkia mweusi, shingo tupu kama pilipili iliyoiva, miguu kama mpini wa jembe la mtoto. Saa saba mchana alikuwa anawika. Kazi yangu yote ilikuwa ndani ya ngozi ya ndege huyo mmoja, na nilikuwa silali vizuri nikifikiria nyoka, mwizi, au kideri kingine. Nikajiambia mbegu hii haifai kukaa nyumba moja. Inafaa jogoo huyu akae siku chache na matetea ya mlimani, aache watoto kule, ili kwangu kukiteketea nijue pa kwenda kuchukua mbegu.

Ndipo kaka akanipigia simu. Ilikuwa wiki ya Krismasi.

"Nasikia una kuku mkubwa kama mbuni."

"Mbuni ana shingo ndefu, kaka. Huyu ana shingo tupu."

"Mlete basi tumwone. Wageni wangu wa Dar wamefika, nimewaambia mdogo wangu ni fundi wa kuku, wanadhani natania."

Mdogo wangu ni fundi. Maneno hayo kaka hakuwahi kuyasema, si mbele yangu wala nyuma yangu. Niliyarudia kwa mke wangu mara tatu. Yeye akaniuliza kitu kimoja tu, huku anaosha vikombe: "Umemwambia kwamba jogoo anarudi?" Nikamwambia hilo linajulikana. Akaendelea kuosha. Alipaswa kunipiga na kikombe.

Kwa sababu hebu fikiri. Mtu wa Kilimanjaro, mwezi wa Desemba, anapanda mlima na jogoo ndani ya tenga. Kuanzia njia panda mpaka juu, watu wote niliowapita kwenye bodaboda walikuwa wanaliangalia tenga na kusema, "Mtakula vizuri, mzee." Na mimi nilikuwa nawapungia mkono. Miaka yote nimewasema watu kwa kula majogoo yao, na sikuona kwamba mimi mwenyewe nimempakia wangu njia ya chungu.

Nilifika saa tano asubuhi. "Shikamoo kaka." "Marahaba, umepanda salama?" Shemeji akanipokea tenga kwa mikono miwili. Wageni wakatoka sebuleni, wakwe za kaka na watoto wao wenye simu. Nilipomtoa jogoo akatingisha mwili mara moja, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akawika. Wakaruka nyuma.

Mmoja akauliza kama ameungua. Mwingine akasema, "Babu, umemnyoa?"

Nikamwambia, "Amezaliwa amenyoa. Wewe umevaa fulana hapa kwenye baridi, na yeye ametoka kwenye jua ambalo ungelilia."

Wakacheka. Kaka akaleta mzani wa zamani wa kahawa. Tukamfunga miguu kwa ganda la mgomba, tukamning'iniza. Kilo nne kasoro kidogo. Kaka akalisogeza jicho lake kwenye mshale, akagonga mzani kwa kidole kama anausingizia uongo, akaangalia tena. Kisha akamwekea mkono kifuani yule jogoo, akabonyeza nyama. Akanyoosha mgongo, akawaambia wageni wake, "Huyu alipewa lile pori letu la chini. Hakuna aliyetaka kukaa kule. Mimi nina maji, nina migomba, nina majani, na kuku wangu wowote wawili kwa pamoja hawamfikii huyu mmoja. Baba angekuwa hai angemshika mkono."

Halafu akanishika mkono yeye.

Nina umri wa kutosha sasa kusema ukweli: saa ile nilikuwa nimesimama kwenye uwanja ambao nilitokea nikiwa na godoro kichwani, na nilijiona nimerefuka. Kama angeniomba eka zile mbili ningempa. Nikamweleza yote. Nyuzi, mtihani wa saa saba, habari ya kideri, kwamba huyu ndiye aliyebaki peke yake. Nikamwambia nataka akae na matetea yake siku tatu, nne. Kaka alikuwa anaitikia kwa kichwa, anaongeza mbege. Nilidhani anasikia. Kumbe alikuwa anasikia habari ya zawadi inavyonogeshwa.

Nikatoka kidogo kuitazama migomba. Niliporudi, sufuria ya maji ilikuwa inatokota nje, shemeji amekaa kwenye kigoda ananoa kisu kwenye jiwe, na jogoo wangu amelazwa kwenye majani ya mgomba, miguu bado imefungwa. Nilikuwa nimemfunga mwenyewe. Hakuna aliyehangaika.

"Shemeji," nikasema, "huyo si wa kuchinja."

Akanitazama kama nimeongea lugha ya watalii. "Sasa ni wa nini?"

Kaka akatoka na kikombe mkononi. Nikamwambia, kaka, nilimleta umwone.

"Nimemwona. Sasa namla."

"Nimekueleza yuko peke yake. Nikipoteza huyu nimerudi kwenye kuku wawili wa yule mama."

"Umenieleza, na wageni wamekusikia. Ndiyo maana hawajagusa mbuzi. Wanamsubiri huyo."

"Nitakuletea majogoo watatu wengine kesho. Nitaleta wa mjini, wakubwa."

"Kuku wa mjini wanawala kila siku huko kwao." Akashusha sauti, akanisogelea. "Mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii. Umeniletea jogoo Krismasi, mbele ya wakwe zangu, nimekusifu mpaka nimekauka koo. Sasa umchukue uondoke naye? Wataniona nani?"

Na alikuwa na haki. Hilo ndilo lililonichosha. Kwa desturi yetu wote, jogoo yule alikuwa wake tangu bodaboda iliposimama. Wageni walikuwa wametoka barazani wanatuangalia, simu mkononi. Shemeji ameacha kunoa. Ningeweza kumwachia. Angeliwa saa nane, ningerudi nyumbani nikiwa fundi, ndugu yake kaka, mtu aliyeshikwa mkono. Matetea wangu kumi na mmoja wangesubiri jogoo wa kuazima, na nusu ya vifaranga ingetoka na manyoya mpaka kooni.

Leo ukipita kule chini, kuanzia kwangu mpaka kwenye mashamba ya mpunga, utaona shingo nyekundu kila boma. Mama mmoja mwenye mgahawa pale Njoro hapokei kuku wengine. Wamasai wanakuja na mbuzi kubadilisha. Hata Kilema huko juu kuna mtu alinifuata akachukua majogoo wawili, kwa sharti langu kwamba Desemba atakula wa pili. Wote hao ni watoto na wajukuu wa ndege mmoja, yule aliyekuwa amelala kwenye majani ya mgomba anamwangalia shemeji kwa jicho moja.

Nikainama. Nikafungua ganda la mgomba mguuni, nikamkumbatia jogoo kwa mikono miwili. Hakupiga kelele.

Kaka akasema, taratibu tu, "Ukipita pale kwenye masale na huyo kuku, ujue umejitoa mwenyewe."

Masale ni ile mimea tunayopanda mpakani, ndiyo ua wa kihamba. Jani lake vilevile ndilo tunaloombea msamaha. Ukimpelekea mtu jani la sale, hata kama umemkosea vipi, hawezi kukukataa. Yamesimama pale mlangoni mwa kaka, marefu, baba aliyapanda. Nilipoyafikia nilisimama kidogo. Ningechuma moja, nikageuka, yangekwisha. Lakini mikono yangu yote ilikuwa na kuku, na ili nichume ilibidi kwanza nimweke chini.

"Krismasi njema, kaka," nikasema.

Nikapita, nikashika njia ya kushuka. Sijarudi tena pale.